Likizo ya Agosti katika viwanja vya milimani

Ukitaka kujua thamani ya ardhi tambarare, nenda Marani ukatue mpira chini. Kabla hujanyosha mgongo, mpira huo umekwisha kupita migomba miwili, na mtoto wa jirani anaukimbilia bondeni kabla haujaingia mtoni.

Marani ni soko na makao ya kaunti ndogo ya jina hilohilo, kaskazini mwa mji wa Kisii, katika nchi ya vilima ya Wakisii, au Abagusii kama wanavyojiita wenyewe. Huku hakuna simba wa kupigwa picha wala ufuo wa kuotea jua. Kilichopo ni kijani. Migomba, chai, mahindi, miwa, miparachichi na mikalatusi vimebanana kutoka kileleni hadi bondeni, na kati yake nyumba za mabati zinameta kila jua linapochungulia. Alasiri mawingu hujikusanya, radi hunguruma, na mvua humwagika bila kuomba ruhusa.

Huko ndiko nilikozaliwa. Agosti iliyopita, shule zilipofungwa, nilimchukua mwanangu wa kiume, mwenye umri wa miaka 12, tukaenda kukaa huko mwezi mzima. Mtoto huyu, mzaliwa wa Nairobi, anaweza kukutajia kikosi kizima cha Arsenal pamoja na wachezaji wa akiba. Lakini siku moja nilipomwuliza timu ya kwao ni ipi, alinitazama kwa mshangao.

"Kwetu wapi, Baba?"

Swali hilo lilinikaa moyoni. Ndipo nikakata shauri kwamba likizo hiyo tutazuru viwanja. Sikukusudia viwanja vikubwa vya Kasarani na Nyayo, ambavyo kila mtu amevisikia. Nilitaka tuvione vile vidogo vya mashinani, vinavyochezewa ligi ambazo magazeti hayana nafasi ya kuziandika. Chini ya Ligi Kuu ya Kenya iko Super League ya taifa, kisha Daraja la Kwanza na la Pili, halafu ligi za majimbo, za kaunti, na chini kabisa za kaunti ndogo. Chini ya hizo zote yako makombe ya likizo, ambayo hayana daraja wala kumbukumbu, ila mshindi huondoka na jezi, mbuzi au mpira mpya.

Safari ya namna hii si jambo geni duniani. Nchini Marekani zipo familia zinazotumia likizo yao ya kiangazi kuzunguka na gari kutoka mji mmoja hadi mwingine, zikitazama besiboli ya ligi ndogo katika viwanja ambavyo mtazamaji huketi karibu na mchezaji hadi akamsikia akihema. Huko pia vidogo vimo hatarini. Mwaka 2021 ligi kubwa ilipunguza timu ndogo zilizofungamana nayo kutoka 160 hadi 120, na miji mingi ikabaki kujiuliza uwanja wake utakuwa wa nini.

Lazima nikiri, msomaji, kwamba nilikuwa na shughuli nyingine huko nyumbani. Baba yetu alifariki miaka miwili iliyopita, akatuachia ekari mbili na nusu wana watatu. Mpima ardhi alikuwa amekwisha kuja na kuweka alama. Fungu langu liko chini, karibu na njia ya mtoni, na nusu yake ni tambarare. Katika tambarare hiyo watoto wa kijiji wamecheza mpira tangu mimi mwenyewe nilipokuwa kaptura tupu. Mnunuzi alikuwa amepatikana, mtu wa biashara anayetaka kujenga vyumba vya kupangisha. Fedha zake zingenitosha kulipia kiwanja Kitengela, ili mama watoto aache kuniuliza tutapanga nyumba za watu hadi lini. Nilikuwa nimekwenda kutia sahihi.

Mpira wa kupanda na kushuka

Mechi ya kwanza tuliitazama Marani kwenyewe, katika uwanja wa shule ya msingi ulio kitambo kidogo kutoka sokoni. Ilikuwa siku ya Jumapili. Huku Gusii Waadventista ni wengi. Misheni yao ya Nyanchwa ilianzishwa mwaka 1912, mwaka mmoja tu baada ya Wakatoliki kufungua yao kule Nyabururu. Kwa hivyo Jumamosi viwanja vingi hulala usingizi. Jumapili, Wakatoliki wakishatoka misani, kila mtu huwa huru, na filimbi hulia.

Vijana wa bodaboda walikuwa wakipambana na timu ya walimu na mafundi. Mistari ilichorwa kwa jivu. Bendera za kona zilikuwa vijiti vilivyofungwa kitambaa chekundu, na nyavu hazikuwapo, jambo lililozua mabishano ya dakika tano juu ya bao ambalo hata mimi siwezi kuapa kwamba liliingia.

Mwanangu aligundua jambo ambalo mimi nilikwisha kulisahau.

"Baba, mbona goli moja liko juu kuliko jingine?"

Naam. Uwanja huo umeinama. Ukisimama katika lango la chini, unamwona kipa wa juu kama mtu aliyepanda jukwaa. Kwa sababu hiyo urushaji wa sarafu hapa si mchezo. Nahodha mwenye akili akishinda huchagua kupanda kwanza, wakati miguu ya vijana wake ingali na nguvu na nyasi zingali kavu. Baada ya mapumziko mvua inapoanza, yeye huteremka na wapinzani huukwea mlima wa matope. Mzee mmoja aliyeketi karibu nasi alituambia kwamba katika uwanja huo mabao hayahesabiwi hadi timu zibadilishane pande, maana bao la kuteremka ni la mlima, na bao la kupanda ndilo la mtu.

Upande wa chini uwanja umepakana na shamba la ajuza mmoja ambaye vijana wote humwita Magokoro, yaani nyanya. Mpira ulipovuka mstari ukaangusha mgomba wake wenye mkungu, nahodha wa bodaboda alimwendea kwa adabu, mikono nyuma.

"Magokoro, tunaomba mpira wetu."

"Mpira upo," alijibu bila kuinuka kwenye kigoda chake. "Mgomba wangu uko wapi?"

Mechi ilisimama. Wachezaji wanne, wawili wa kila upande, waliingia shambani, wakauinua mgomba, wakatafuta mti wenye panda na kuuegemeza. Refa alitazama saa yake, na dakika hizo akaziongeza mwishoni. Mwanangu alicheka hadi machozi.

Baadaye nilimwamkia mama huyo kwa Kikisii, "Bwakire," nikamwuliza kwa nini hajazungusha seng'enge. Alisema wanawe walio mijini wamemletea fedha za seng'enge mara mbili, na mara zote mbili amezinunulia mbolea.

"Wakiwa hapa nawasikia," alisema akiwaonyesha vijana kwa kidole. "Wakinyamaza ndipo ninapoingiwa na hofu."

Tore Bobe

Wiki iliyofuata tuliteremka Kisii mjini kuutazama uwanja wa Gusii. Huu si mdogo kwa kipimo cha huku. Una majukwaa, na mwaka 2020 ulikarabatiwa kwa ajili ya sherehe za kitaifa za Mashujaa zilizofanyika hapo tarehe 20 Oktoba. Kwa Mkisii, hata hivyo, uwanja huo una maana moja tu, nayo ni Shabana.

Klabu hiyo ilianzishwa mwaka 1980, ikalichukua jina lake kutoka kwa duka la vifaa vya ujenzi mjini humo. Nilipokuwa mtoto, redio ikitangaza mechi ya Shabana, hata wazee wasiojua mpira ni nini walinyamaza. Kisha mwaka 2006 ikateremshwa kutoka Ligi Kuu. Ilizama katika ligi za chini kwa miaka 17, hadi mwaka 2023 ilipopanda tena, na siku hizo barabara za Kisii zilijaa nyimbo na vuvuzela. Mashabiki wake huiita Tore Bobe, maneno ya Kikisii ambayo kwa Kiswahili ni kama kusema "tuko vibaya". Ni vibaya kwa maana ile ya vijana, kwamba ukitugusa utajuta.

Siku tuliyokwenda Shabana haikuwa na mechi. Timu mbili za mitaa ya mji zilikuwa zikicheza, na watazamaji hawakuzidi 60. Kando yetu aliketi fundi viatu mmoja aliyevaa fulana ya Shabana iliyofifia hadi nembo haikusomeka. Alitueleza jinsi alivyoifuata timu yake miaka ile ya giza, akipanda malori na matatu kwenda kuitazama katika viwanja visivyo na hata choo.

Mwanangu, ambaye kwake yeye timu ikishindwa mechi tatu ni ya kuhamwa, alimwuliza kwa nini hakutafuta timu nyingine iliyo katika Ligi Kuu.

Fundi alimtazama kwa upole.

"Kijana, wewe ukianguka mtihani, baba yako atakwenda kutafuta mtoto mwingine?"

Mwanangu hakujibu. Lakini tulipokuwa tukingoja matatu ya kurudi Marani nilimsikia akilijaribu jina hilo mdomoni, polepole, kama mtu anayeonja chakula kigeni. "Tore Bobe. Tore Bobe."

Ukingo wa Manga

Kutoka Kisii unauona ukingo wa Manga umesimama kama ukuta upande wa Nyamira. Pikipiki mbili zilitupandisha huko asubuhi ya Alhamisi, mwanangu akiwa amefumba macho kila kona. Juu kabisa upepo unavuma na bonde lote liko miguuni pako. Chini yako ni mji wa Kisii, na mbali zaidi, anga ikiwa safi, macho huelekea upande wa ziwa.

Hapa Manga ndipo kaunti ya Nyamira ilipoamua kujenga uwanja wake baada ya ugatuzi kuanza mwaka 2013, kazi ambayo imechukua miaka mingi kuliko watu walivyotarajia. Lakini sikumpeleka mwanangu kutazama saruji. Nilimpeleka kumsimulia habari ya miguu.

Huyu ni mtoto anayeamini kwamba kila mwanariadha wa Kenya ametoka Bonde la Ufa. Nilimweleza habari za Nyandika Maiyoro, Mkisii aliyekwenda Vancouver mwaka 1954 akamaliza wa nne katika mbio za maili tatu, wakati ambapo watu wengi ulimwenguni hawakujua kwamba Kenya ina wakimbiaji. Miaka miwili baadaye alikuwa Melbourne katika Olimpiki ya kwanza ya Kenya, akawa wa saba katika mita 5,000. Mwaka 1960 kule Roma akawa wa sita.

Kisha nikamsimulia Munich 1972. Katika mbio za kupokezana vijiti za mita 400 kwa watu wanne, Kenya ilitwaa dhahabu kwa muda wa dakika 2 na sekunde 59.8. Wakimbiaji walikuwa Charles Asati, Hezahiah Nyamau, Robert Ouko na Julius Sang. Sang ndiye aliyemalizia, naye alikuwa mtu wa Nandi. Wale watatu waliomfikishia kijiti wote walikuwa watoto wa Gusii, na Ouko alizaliwa hapahapa Manga.

"Walifanyia mazoezi wapi?" aliuliza.

Swali zuri. Enzi hizo mbio za huku zilikimbiwa kwenye nyasi, katika viwanja vya shule na vya misheni ambavyo mchana huo wote tulikuwa tukivipita. Hakuna aliyepanda mbegu ya bingwa kwa makusudi. Lilikuwapo tu eneo la wazi, watoto wakaachwa wakimbie.

Mzee mmoja mchunga ng'ombe, aliyekuwa na ng'ombe wawili tu na kamba mkononi, alitusikiliza muda wote huo. Hatimaye alisema kwamba alipokuwa kijana, kutoka pale tuliposimama hadi kanisani palikuwa malisho matupu. Tuligeuka kutazama. Nilihesabu nyumba 11, vibanda viwili vya duka na mnara wa simu.

Kati ya majani chai

Safari yetu ya tatu ya Nyamira ilitushusha Kebirigo, katika nchi ya chai. Ukifika huko unaona jinsi kichaka cha chai kinavyoheshimiwa. Kimekatwa juu sawasawa kama meza, na hakuna inchi iliyoachwa. Uwanja tulioukuta, wa shule moja ya msingi, umezungukwa na chai pande tatu, hivi kwamba mpira ukitoka hupotea chini ya vichaka na kutafutwa kwa magoti.

Waliokuwa wakicheza ni wasichana. Baadhi yao walikuwa wametoka moja kwa moja kuchuma, na kipa wa upande mmoja alikuwa ameweka kikapu chake cha majani nyuma ya nguzo, akikitupia jicho kila mara. Walicheza vizuri, kwa pasi fupi na bila makelele, kuliko wanaume tuliowaona Marani. Katika kipindi cha pili honi ya lori la kiwanda ilisikika kutoka kituo cha kununulia chai. Refa alipiga filimbi papo hapo. Hakuna aliyelalamika. Kipa alijitwika kikapu chake, na timu zote mbili zikaondoka zikikimbia, maana majani yakichelewa kupimwa hulala, na yakilala hayana bei.

"Nani ameshinda?" mwanangu aliuliza.

"Lori," alijibu refa, akikunja filimbi yake katika leso.

Kiwanja na kiwanja

Tulikuwa tukirudi Marani jioni hiyo nilipoanza kuona haya.

Takwimu zinasema mambo wazi. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019, kaunti ya Kisii ilikuwa na watu 1,266,860, yaani zaidi ya watu 900 katika kila kilomita mraba. Nyamira ilikuwa na 605,576. Hizi ni kaunti za wakulima, wala si miji. Kila baba huwagawia wanawe, na kila mwana huwagawia wake, hadi shamba linakuwa ukanda mwembamba unaoshuka kutoka barabarani hadi mtoni. Katika nchi kama hiyo, ardhi tambarare isiyolimwa humkera mwenye akili ya hesabu. Ndugu yangu mkubwa alilisema waziwazi tulipokuwa tukila obokima ya wimbi na chinsaga.

"Nyasi haziliwi," alisema. "Wewe unaishi Nairobi. Uza, ufanye la maana."

Baba mdogo, ambaye ndiye mzee wetu aliyebaki, alinawa mikono kabla ya kusema. Alitukumbusha kwamba zamani, kabla Waingereza hawajazipiga marufuku, palikuwa na egesarate, kambi ya ng'ombe ambako vijana wasiooa waliishi pamoja wakilinda mifugo ya ukoo. Huko ndiko walikojifunza mieleka, mbio na kutii wakubwa wao. Kambi zilipovunjwa vijana walibaki bila mahali.

"Mahali pao ndipo hapo," alisema, akielekeza kidevu chake chini, kwenye njia ya mtoni. "Baba yenu alilijua hilo. Mwaka wa njaa alilima kila kona, hiyo akaiacha."

Sikulala vizuri usiku huo. Lugha yetu ya Kiswahili ina mzaha wake. Kiwanja ni pale pa kuchezea, na kiwanja ni kile kipande cha ardhi unachouziwa Kitengela. Mimi nilikuwa nauza kiwanja ninunue kiwanja, na katika biashara hiyo watoto wa kijiji kizima hawakuwa na shahidi.

Asubuhi mwanangu aliniomba tukapime. Tulihesabu hatua. Sheria za kandanda zinasema uwanja usipungue urefu wa mita 90 na upana wa mita 45, ambayo, ukizidisha, inatoka ekari moja na chembe. Yaani uwanja mdogo kabisa unaokubalika duniani ni ekari moja, shamba zima la familia moja ya huku. Wetu haukufika hata nusu ya hapo. Mwanangu alisikitika kidogo, kisha akasema unatosha watu saba kila upande.

Alikuwa amekwisha kucheza hapo siku tisa mfululizo, nami sikujua. Alijua jina la kila mtoto. Alijua jinsi ya kufunga mpira wa matambara kwa nyuzi za migomba. Sisi tulitumia mifuko ya plastiki, lakini tangu ilipopigwa marufuku mwaka 2017 watoto wamerudia ufundi wa babu zao. Alijua pia kwamba kona ya juu ina jiwe, na kwamba mpira ukiligonga bao halikubaliwi.

Ukitaka kwenda

Msomaji ambaye angependa kuiona nchi hii na jamaa yake hana haja ya fedha nyingi. Kutoka Nairobi matatu hupitia Narok, Bomet, Sotik na Keroka hadi Kisii, mwendo wa zaidi ya kilomita 300. Kutoka Kisii kuna matatu na pikipiki za kwenda Marani na za kwenda Nyamira. Chukua mwavuli na buti za mvua. Asubuhi ndiyo wakati wa kutembea, na alasiri ndiyo wakati wa mpira na mvua. Usiulize ratiba, kwa kuwa ratiba ni sauti ya filimbi. Ukifika uwanjani, amkia wazee kwanza, uketi nao. Na kama una mpira mmoja wa ziada nyumbani, ubebe. Hutarudi nao, wala hutajuta.

Siku ya kuondoka wavulana watano walikuja nyumbani asubuhi na mapema, wamenawa nyuso, wamesimama kwa mstari kama wajumbe. Kiongozi wao, wa miaka kama 14, alikuwa na daftari.

"Shikamoo, Baba. Tunataka kufanya kombe mwezi wa Desemba. Tunaomba uwanja."

Mwanangu alikuwa nyuma yao, akitazama pengine. Nilijua ni nani aliyewafundisha kuja na maandishi. Katika daftari walikuwa wameandika timu sita, jina la refa, na zawadi, ambayo ni kuku. Mbele ya neno "uwanja" waliacha nafasi ya sahihi.

Nilitia sahihi. Kisha nikampigia simu mnunuzi, nikamwambia asubiri hadi mwaka mpya. Alisema ana kiwanja kingine anachokitazama, na kwamba hangoji mtu. Huenda hasemi kweli, na huenda anasema kweli. Mama watoto bado ananiuliza habari za Kitengela, na ni haki yake kuuliza, kwa sababu kodi ya nyumba haingojei Desemba wala haijui mpira. Ndugu yangu mkubwa amenipigia mara mbili. Sina jibu la kuwapa wote likawatosha.

Ila wiki jana nilimsikia mwanangu akiulizwa na mwenzake, hapa mtaani kwetu Nairobi, yeye ni timu gani. Alifikiri kidogo.

"Arsenal," alisema. "Na kwetu ni Shabana."

Tumekwisha kukata tikiti za Desemba.